Kumhamisha mgonjwa mahututi akiwa kwenye mashine ya kupumulia: hatua kwa hatua

Mgonjwa mahututi aliyelala ICU ana ukuta nyuma yake. Ukutani kuna oksijeni isiyokwisha, kuna umeme, kuna mashine ya kufyonza makohozi, na ukiita watu wanakuja. Ukishachomoa waya wa kwanza, vyote hivyo unaviacha, na mgonjwa anabaki na kile tu mlichobeba. Mwongozo huu ni wa madaktari, wauguzi na wahudumu wa ambulensi wanaomhamisha mgonjwa anayepumuliwa na mashine, iwe ni kwenda kwenye kipimo cha CT ghorofa ya chini au safari ya saa 3 barabarani. Viwango na dozi zilizotajwa ni za mtu mzima. Kama hospitali yenu ina utaratibu wake ulioandikwa, huo ndio unaotangulia.

Karibu kila kinachoharibika njiani huwa kilishaanza kuharibika kabla ya kuondoka, ila hakuna aliyekitazama: mtungi uliobaki robo, betri iliyochoka, mrija ulioshikwa na plasta iliyolowa mate. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo ya kufanya wakati kitanda hakijasogea hata hatua moja.

Je, safari ni ya lazima?

Kabla ya kugusa chochote, uliza: majibu ya kipimo hiki yatabadilisha tiba ya leo? Kama jibu ni "tuone tu", tumia ultrasaundi au eksirei ya kitandani. Mgonjwa anayehitaji oksijeni asilimia 100 na PEEP (shinikizo linalobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) ya 15 ili tu SpO2, yaani kiwango cha oksijeni kwenye damu, ifike 90 hana akiba yoyote, na kumhamisha mashine au kumgeuza kunaweza kumwangusha. Vivyo hivyo yule ambaye kiwango chake cha noradrenalini, dawa ya kunyanyua presha, kimekuwa kikipanda kila saa.

Lakini kuna ambao kutulia kwao kuko huko waendako, kwa mfano anayevuja damu tumboni na anahitaji upasuaji. Huyo msimsubiri atulie. Wengine wote watulizwe kwanza, na kila kinachohitaji mikono kifanyike hapo mlipo: mrija wa hewa, mrija wa kifuani, kanyula (mirija ya mishipani) za ziada. Mgonjwa anayepumua mwenyewe lakini anachoka awekewe mrija kabla ya safari ndefu. Kuweka mrija ndani ya gari linalotikisika, mwanga hafifu, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimegusa ukuta, ni kazi ya kukwepa kwa gharama yoyote.

Watu na kazi zao

Wanaotoa huduma wasipungue wawili, mbali na anayesukuma kitanda au anayeendesha gari. Mmoja wao lazima aweze kurudisha mrija wa hewa ukitoka, peke yake, bila kusubiri msaada. Huyo hukaa kichwani na ndiye anayeongoza. Wa pili anashika dawa, pampu na kumbukumbu. Gawaneni kazi kwa sauti kabla ya kuondoka: "Mashine ikizima, mimi napuliza kwa mfuko, wewe unafungua mtungi wa pili." Ni sekunde 20 tu, na mkizima moto baadaye hakuna atakayeuliza nani afanye nini.

Oksijeni: fanyeni hesabu, msikadirie kwa macho

Kiasi kilichomo mtungini kinapatikana kwa kuzidisha ujazo wa mtungi, yaani litro za maji zilizochongwa begani mwake, na shinikizo linaloonyeshwa na geji kwa bar. Mtungi wa litro 10 wenye bar 120 una litro 1,200 za oksijeni. Geji ikiwa ya psi, gawanya kwa 14.5 upate bar. Bar 20 za mwisho usizihesabu, kwa sababu shinikizo likishuka hapo mashine nyingi huanza kulalamika. Kwa hiyo mtungi huo una litro 1,000 za kutumia.

Sasa matumizi. Mgonjwa anapewa mililita 450 kwa kila pumzi, pumzi 18 kwa dakika: hiyo ni litro 8.1 kwa dakika. Mashine inayoendeshwa kwa gesi hula oksijeni yake yenyewe pia. Tuseme ya kwenu inakula litro 1 kwa dakika, kama kitabu chake kinavyosema. Jumla ni kama litro 9. Safari ni dakika 60. Zidisha muda mara mbili, kwa sababu kuna lifti mbovu, kuna foleni, na kuna kitanda ambacho hakijawa tayari kule mwendako: dakika 120 mara litro 9 ni litro 1,080. Mtungi uliokuwa unaonekana umejaa, kumbe hautoshi. Beba wa pili.

Mashine zenye tabo, zinazovuta hewa ya kawaida na kuchanganya na oksijeni, hutumia kidogo zaidi mkiwa chini ya asilimia 100. Kwa FiO2 (sehemu ya oksijeni kwenye hewa anayovuta) ya 0.6, sehemu inayotoka mtungini ni (0.6 − 0.21) ÷ 0.79, yaani karibu nusu ya hewa anayopewa mgonjwa. Hata hivyo fanyeni hesabu kwa asilimia 100 siku zote. Mgonjwa akizidiwa njiani, hicho ndicho kitufe cha kwanza mtakachobonyeza. Kumbukeni pia kwamba mfuko wa Ambu, ule wa kupulizia kwa mkono, kwa litro 15 kwa dakika utamaliza zile litro 1,000 kwa dakika 66 hivi.

Kuna kosa moja la mtungi ambalo huwanasa hata wazoefu. Mtu anaujaribu mtungi, anaona sindano ya geji imepanda, anaufunga ili usivuje, kisha anaenda zake. Shinikizo linabaki limenaswa ndani ya regyuleta, na sindano inabaki juu ingawa mtungi umefungwa. Wakati wa kuondoka kila mtu anaona geji imejaa. Mashine inavuta ile gesi kidogo iliyobaki, na baada ya muda mfupi, mkiwa katikati ya korido, kengele ya oksijeni inalia. Kwa hiyo usiiamini geji mpaka uwe umegusa kifungulio kwa mkono na kuhakikisha kimefunguliwa kabisa.

Fungua mtungi polepole. Kuona kama unavuja, ufungue, soma shinikizo, ufunge bila kutumia gesi, na utazame sindano kwa dakika moja. Ikishuka, kuna mahali panapitisha. Usiguse kifungulio kwa mikono yenye mafuta, losheni au kitakasio ambacho hakijakauka: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta inaweza kuwaka. Rangi za mitungi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo soma lebo. Ufunguo ufungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Ukiwa mfukoni mwa mtu aliyemaliza zamu, mtungi uliojaa ni chuma tu.

Betri

Mashine ya kupumulia, monita, pampu za dawa, mashine ya kufyonza: kila kimoja kina betri yake na kila kimoja kinaweza kuwa cha kwanza kuzima. Saa zilizoandikwa kwenye kitabu ni za betri mpya. Kwa betri ya zamani hesabu nusu. PEEP kubwa na shinikizo kubwa la pumzi humaliza betri ya mashine ya tabo haraka, na monita inayopima presha kwa kitambaa cha mkononi kila dakika mbili humaliza yake pia. Ndani ya ambulensi usiridhike kwamba soketi ipo. Chomeka na utazame taa ya kuchaji ikiwaka, injini ikiwa inaunguruma. Mara nyingine soketi ni pambo.

Mkoba

Mfuko wa Ambu wenye vali ya PEEP, kifuko cha kuhifadhi oksijeni na barakoa inayomtosha mgonjwa huyu hauingii mkobani. Unaning'inia kichwani pa kitanda, tayari. Mkobani muwe na laringoskopu iliyojaribiwa taa, mrija wa saizi ileile na mwingine mdogo kwa nusu, kijiti cha kuongozea mrija, LMA (barakoa ya kooni), sirinji ya kujazia puto la mrija, koleo la kubania mrija, mirija laini ya kufyonza pamoja na ule mgumu wa mdomoni, stetoskopu, elektrodi za ziada, vifaa vya kutoa hewa kifuani na chupa za maji ya mishipa. Kwa safari ya nje ya jengo ongezeni mashine ya kushtua moyo.

Dawa zivutwe kwenye sirinji na ziandikwe jina na nguvu yake kabla ya kuondoka. Za msingi ni ya usingizi (midazolamu, propofoli au ketamini), ya maumivu (fentanili au mofini), ya kulegeza misuli (rokuroniamu miligramu 0.6 kwa kilo), na ya kunyanyua presha kwa dharura. Miligramu 1 ya adrenalini ikichanganywa kwenye mililita 100 za chumvi inatoa mikrogramu 10 kwa kila mililita. Hiyo ndiyo inayodungwa kidogokidogo presha ikiporomoka. Lebo yake isifanane kabisa na ile ya adrenalini ya moyo uliosimama, kwa sababu kati yake kuna tofauti ya mara mia.

Mgonjwa, kuanzia mdomoni

Soma sentimita za mrija kwenye meno na uziandike mahali kila mtu ataziona. Kwa wanawake wengi huwa kama 21, kwa wanaume 23. Plasta iliyolowa ibadilishwe sasa. Puto lipimwe kwa kipimio, liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji; kuliminya kwa vidole hakukuambii kitu. Fyonza makohozi, kisha kinywa. Kifaa cha kupasha maji moto na unyevu kisiende safarini, kwa sababu kikiinama maji yanaweza kuingia mapafuni. Weka chujio la kutunza unyevu, lile la HME. Ila usirundike viungo vyote ulivyovikuta kwenye boksi: kila kiungo kati ya mrija na mipira ya mashine kinaongeza nafasi ambayo hewa chafu inarudi mapafuni. Kwa mgonjwa anayepewa mililita 320, hilo linatosha kupandisha kaboni dioksidi.

Kifua kisikilizwe pande zote. Hewa iliyonaswa nje ya pafu itolewe kabla ya safari, maana shinikizo la mashine litaiongeza. Mrija wa kifuani usibanwe kamwe kwa mgonjwa anayepuliziwa, hata "kwa dakika mbili tu za lifti". Hewa ikikosa njia inakandamiza pafu na moyo. Chupa ibaki chini ya usawa wa kifua, imefungwa vizuri isipinduke.

Kanyula ziwe angalau mbili zinazopitisha vizuri, na moja iwe na mlango unaofikika bila kufunua blanketi. Noradrenalini iende kwenye njia yake peke yake, na sirinji iliyokaribia kuisha ibadilishwe kabla, wala si njiani. Pampu zikae usawa wa moyo wa mgonjwa: ukiinua pampu ghafla, dawa kidogo husukumwa mbele kwa mkupuo, ukiishusha inarudi nyuma, na presha hucheza nazo. Dawa zinazoweza kusubiri zisimamishwe ili mpunguze nyaya. Chakula cha mrija kisimamishwe na mrija wa tumbo uachwe wazi utiririke kwenye mfuko. Hapo ndipo insulini husahaulika: chakula kimesimama, pampu ya insulini inaendelea, na sukari inashuka kimyakimya kwa mtu aliyelazwa usingizi ambaye hawezi kutetemeka wala kulalamika. Isimamishe au ipunguze, na upime sukari.

Mpe dawa ya usingizi ya kutosha kabla ya kusogezwa. Aliyelegezwa misuli anaweza kuwa macho na hakuna atakayejua, isipokuwa kwa kuona mapigo na presha vikipanda bila sababu nyingine.

Kubadili mashine, kitanda kikiwa bado kimesimama

Mashine ya safari ijaribiwe kwa pafu la mpira, kisha mgonjwa aunganishwe nayo angalau dakika 15 kabla ya kuondoka. Kwa safari ya kwenda hospitali nyingine pimeni pia gesi za damu akiwa kwenye mashine hiyo.

Ujazo wa pumzi unakokotolewa kwa urefu, si kwa uzito wa kwenye mizani, kwa sababu mapafu hayanenepi. Mwanamke: 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4). Mwanamume: anza na 50 badala ya 45.5. Mwanamke wa sentimita 160 anapata kilo 52.4, kwa mililita 6 kwa kilo ni kama mililita 315. Shinikizo la mwisho wa pumzi ya ndani, mashine ikiwa imeshikilia, lisizidi sentimita 30. PEEP na FiO2 zianzie pale zilipokuwa kwenye mashine ya ICU. Mashine nyingine za zamani zina nafasi mbili tu za oksijeni, asilimia 100 na mchanganyiko. Kwa mahututi kaa kwenye 100.

Mwenye pumu au mapafu yaliyojaa hewa anahitaji muda mrefu wa kutoa pumzi: idadi ya pumzi 10 hadi 12, uwiano wa kuvuta na kutoa 1:4. Mashine ya safari ikiachwa kwenye mpangilio wa kiwandani, hewa itajilundika pumzi juu ya pumzi hadi presha ianguke.

Kwa mgonjwa mwenye PEEP kubwa, kule kuunganua tu kunaweza kuyasinyaza mapafu yaliyochukua saa nyingi kufunguka. Fanya hivi:

1. Hakikisha amelegezwa misuli au amelala usingizi mzito kabisa. Anayevuta pumzi mwenyewe dhidi ya mrija uliobanwa anaweza kuyajaza mapafu yake maji.
2. Mpe oksijeni asilimia 100 kwa dakika chache. Mashine ya safari iwe imewashwa na iko tayari pembeni.
3. Mwishoni mwa pumzi ya ndani, bana mrija kwa koleo lililofunikwa gozi, kwenye plastiki yenyewe. Mrija wenye waya ndani usibanwe. Ukikunjika haunyooki tena.
4. Weka mashine ya ICU kwenye hali ya kusubiri, unganua, unganisha ya safari, ianze kupuliza, kisha ndipo ubanue. Taja kwa sauti: "Nimebanua." Koleo lililosahaulika ni mrija ulioziba.
5. Tazama wimbi la kapnografia (kipimo cha kaboni dioksidi anayoitoa), kifua kinavyonyanyuka, shinikizo na presha ya damu.

Dakika 15 zikipita na SpO2 inashuka au kaboni dioksidi inapanda, rekebisha hapo hapo. Mkishindwa kumtuliza kwenye mashine hii karibu na ukuta, korido haitawasaidia.

Kumhamishia machela

Hapa ndipo mirija mingi hutoka. Nyaya na mipira yote ivutwe upande mmoja, ule wa mashine. Aliye kichwani ashike mrija kwa vidole viwili pale unapotokea mdomoni, kiganja kikiegemea shavu, ili kichwa na mrija visogee kama kitu kimoja. Yeye ndiye anayehesabu, na hakuna anayevuta shuka kabla hajafika tatu. Mkishamweka, kabla ya kufunga mikanda, soma tena sentimita za mrija na utazame wimbi.

Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 kama mgongo na presha vinaruhusu. Mtungi ufungwe kwenye kishikio chake. Usilazwe kati ya miguu ya mgonjwa, kwani gari likifunga breki ghafla chuma hicho kinaruka. Monita isilale juu ya tumbo lake.

Pigeni simu mwendako kwa mara ya mwisho: kitanda kipo, mashine ipo na imejaribiwa, aliyepokea taarifa ni nani. Mtu atangulie kushika lifti. Kisha simameni sekunde 30, kila mtu atazame kifua, monita, geji. Ndipo muondoke.

Njiani

Kati ya namba zote, tazameni kwanza wimbi la kapnografia. Mrija ukitoka, wimbi hupotea ndani ya pumzi chache, ilhali SpO2 inaweza kubaki nzuri dakika nzima au zaidi kwa sababu ya oksijeni iliyohifadhiwa mwilini. Kaboni dioksidi ya mwisho wa pumzi iwe mmHg 35 hadi 45 kwa wengi. Aliyeumia ubongo ashikiliwe karibu 35 hadi 40, bila kupumuliwa haraka kupita kiasi, kwani kaboni dioksidi ikishuka sana mishipa ya ubongo husinyaa. SpO2 ya 92 hadi 96 inatosha wengi. Andika vipimo kila dakika 5 mwanzoni, baadaye kila dakika 15 akiwa ametulia, na geji ya mtungi iandikwe pamoja navyo.

Ndani ya gari kengele hazisikiki vizuri, kwa hiyo monita ikae mbele ya macho yenu. Dereva aende kwa ulaini kuliko kwa kasi. Breki za ghafla humwagia damu kichwani au miguuni, na presha inayumba. Ninyi pia mfunge mikanda. Kukiwa na jambo linalohitaji mikono miwili, gari lisimame kwanza.

Kwenye lifti, kichwa cha mgonjwa na mwenye mfuko wa Ambu huingia pamoja; asibaki nje mtu mwenye mkoba. Kwenye CT, telezesha meza ndani hadi mwisho na kurudi kabla ya picha, ukitazama kama kuna mpira au waya unaovutika. MRI ni habari nyingine kabisa. Sumaku yake haizimwi mgonjwa anapotoka, na mtungi wa chuma hugeuka kombora. Mwaka 2001 nchini Marekani mtoto wa miaka 6 aliuawa na mtungi wa oksijeni uliovutwa ndani ya mashine hiyo. Chochote kisicho na alama ya kuruhusiwa kwenye MRI kinaishia mlangoni.

Safari ya ndege ina jambo lake moja kubwa: hewa iliyofungiwa hupanuka ndege inapopanda. Hewa kidogo nje ya pafu isiyomsumbua mgonjwa chini inaweza kumsumbua angani, kwa hiyo mrija wa kifuani uwekwe kabla. Puto la mrija nalo hujaa; lipimwe wakati wa kupanda na tena wakati wa kushuka, linapoanza kulegea.

Mambo yakiharibika

SpO2 inashuka, au kengele ya shinikizo inalia. Usianze kubonyeza vitufe vya mashine. Muunganue mgonjwa na umpulizie kwa mfuko wa Ambu wenye oksijeni asilimia 100. Mkono wako sasa ndio kipimo.

Mfuko ukiwa laini na mgonjwa akapata nafuu, tatizo ni la mashine, mipira au oksijeni. Endelea kupuliza huku mwenzako akifuata mpira kuanzia mtungini hadi mdomoni. Na hata mtungi ukiwa umeisha kabisa usisimame: mfuko wa Ambu hujijaza wenyewe hewa ya kawaida, na asilimia 21 ni bora mno kuliko sifuri.

Mfuko ukiwa mgumu, pitisha mrija wa kufyonza. Ukikwama, mrija wa hewa umejikunja, ameuuma, au makohozi yameuziba. Fungua mdomo utazame, mlegeze, fyonza, na usipofunguka utoe uweke mwingine. Ukipita bila shida, sikiliza kifua. Upande wa kushoto ukiwa kimya, soma kwanza sentimita: mrija ulioingia kutoka 22 hadi 26 umezama upande wa kulia, na kuurudisha ni kazi ya sekunde. Sentimita zikiwa zilezile, upande mmoja kimya, presha inaporomoka, hewa imenaswa kifuani. Itoe mara moja kati ya mbavu, nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, usisubiri eksirei.

Wimbi la kapnografia likiwa limepotea kabisa, chukulia mrija umetoka hadi ithibitike vinginevyo. Utoe, mpulizie kwa barakoa, kisha upange kuurudisha kwa utulivu. Wengi hupoteza dakika za thamani wakiutetea mrija ambao uko tumboni.

Presha ikishuka peke yake, angalia pampu ya noradrenalini kabla ya kitu kingine: imezima, imeziba, au sirinji imeisha? Kisha fikiria dawa ya usingizi iliyozidi, damu inayovuja, na kwa mwenye pumu, hewa iliyolundikana. Huyo wa mwisho muunganue mrija na mashine sekunde chache, hewa itoke. Presha ikipanda mbele ya macho yako, umepata sababu, na idadi ya pumzi ipunguzwe.

Kufika

Mnapofika, oksijeni ya ukutani kwanza, umeme pili, mashine ya pale tatu, kwa hatua zilezile za kubadili. Wimbi likionekana kwenye monita yao, ndipo makabidhiano yaanze: mtu mmoja aseme, wengine wote wanyamaze, mikono mbali na mgonjwa kwa dakika moja. Yatajwe jina na ugonjwa, sababu ya safari, sentimita za mrija na ugumu uliokuwepo wakati wa kuuweka, mpangilio wa mashine, dawa zinazoingia na kiwango chake, dozi ya mwisho ya kulegeza misuli na saa yake, na kila kilichotokea njiani. Gesi za damu zipimwe dakika 15 hadi 30 baadaye.

Mkirudi, mtungi uliotumika uandikwe bar zilizobaki na upelekwe kujazwa, betri zirudi kwenye chaja na taa yake itazamwe, chujio litupwe, laringoskopu ibadilishwe, na sirinji zilizobaki zimwagwe. Mkoba ufungwe kwa lakiri na tarehe iandikwe juu yake, ili anayeuchukua saa tisa usiku ajue bila kuufungua kwamba hakuna kilichopungua.